Jamani, Kompyuta ya Mtumba Inafanya Haya Yote!

Njoo uiguse! Ndugu yangu, njoo uweke kiganja hapa juu ya boksi, usikie lilivyo na uvuguvugu wa mbali, utege sikio usikie linavyonguruma chinichini, mngurumo mwembamba, mtulivu, mtamu, wa kubembeleza kabisa! Picha za ukoo mzima zimo humu. Video ya harusi ya dada, ile ndefu ambayo kila mtu aliitafuta na hakuna aliyejua iko kwa nani, imo humu. Taarabu za mama, katuni za watoto, vyeti vya shule, nakala ya hati ya kiwanja, vyote vimo humu, na yeyote mwenye waifai ya nyumba hii anavifungua akiwa kitandani, barazani, jikoni, popote pale, bila kukata bando hata megabaiti moja. Hata moja! Na bado!

Na bado, maana sijakwambia imetokana na nini. Imetokana na kompyuta ya ofisini iliyostaafu! Ni Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara mfupi, toleo la mwaka 2013, moja ya zile zinazorundikwa kwenye maduka ya Kariakoo zikiwa zimepangwa mgongo kwa mgongo, nyeusi tii, zikisubiri mtu mwenye mawazo. Muuzaji alinipa ile sifa yao ya siku zote: "Dada, hii ilikuwa ofisini Uingereza, haijui kazi ngumu." Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya niliyotajiwa duka la pili kwa kile kisanduku kipya cha kuhifadhia mafaili, na kisanduku chenyewe kinauzwa kitupu, hakina diski ndani! Nilitoka pale nimeikumbatia kifuani, nikapanda nayo bajaji, na njia nzima nilikuwa naipapasa.

Neno seva linawatisha watu bure. Wanafikiria chumba chenye viyoyozi na mafundi wenye vitambulisho shingoni. Hii ni kompyuta tu, iliyopewa kazi moja: kukaa macho usiku na mchana, kutunza mafaili ya nyumba, na kumpa kila mwenye ruhusa anachokitaka. Basi. Mengine yote ni raha.

Na raha inaanza kwenye kuifungua! Unavuta kitasa kidogo cha ubavuni na ubavu mzima unakubakia mkononi, chap, bila bisibisi, bila kuvunja kucha. Ndani ni pasafi, papana, pamepangika, na vishikio vya diski vina rangi ya buluu iliyokoza inayokuita: shika hapa, vuta hapa. Unakitanua kishikio kidogo, unaivisha diski, vijipini vinaingia vyenyewe kwenye matundu yake, kisha unaisukuma mahali pake na unasikia KTA! Jamani hiyo sauti! Nzito, ya uhakika, ya kitu kilichotengenezwa na watu waliofikiria mkono wa fundi. Niliichomoa nikairudisha tena kwa ajili ya ile sauti tu.

Diski zenyewe nilinunua mpya, mbili, na hapa nakusihi usibane senti. Kompyuta iwe ya mtumba, memori iwe ya mtumba, waya hata uombe kwa jirani, lakini diski za kuwekea maisha yako nunua mpya, zenye waranti, kwa muuzaji mwenye risiti. Zikitoka kwenye mfuko wake wa kung'aa ni baridi, nzito, zimeshiba. Niliipima moja mkononi nikaikumbuka RAMAC ya IBM ya mwaka 1956, mashine ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya namna hii: sahani 50, kila moja na kipenyo cha inchi 24, uzito unaozidi tani, na mzigo wote ule ulikuwa wa kubeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuijaza! Na mimi hapa nimesimama na terabaiti 4 kiganjani, nazungukazunguka nazo sebuleni kama bibi harusi na ua lake.

Ukibonyeza kitufe, kwanza kimya jii. Kisha feni inavuta pumzi. Kisha diski ya kwanza inaamka, unaisikia inapanda, inapanda, inapanda hadi inatulia kwenye mwendo wake, na ya pili inaifuata, halafu vile vijisauti, tkt-tkt, tkt, vichwa vya kusomea vikipapasa sahani. Weka kidole ubavuni mwa boksi na utausikia mtetemo mdogo mno, wa kitu kilicho hai. Nilikaa chini sakafuni nikausikiliza tu!

Halafu roho ya mashine, yaani programu. Inaitwa OpenMediaVault, na ni bure. Siyo bure ya majaribio, siyo bure ya mpaka utoe namba ya kadi, ni bure kabisa, huria, ya kupakua na kutumia utakavyo. Mwanzilishi wake ni Volker Theile, toleo la kwanza lilitoka mwaka 2011, na imejengwa juu ya Debian, ile Linux kongwe yenye sifa ya kutotikisika. Unaiandika kwenye flashi, unachomeka, unajibu maswali machache, unaisakinisha kwenye diski ndogo ya kielektroniki iliyo peke yake (ipe diski yake yenyewe, maana inataka kutawala pale inapolala, na zile kubwa mbili uziachie mafaili), kisha sikiliza sasa: unachomoa skrini! Unachomoa kibodi! Unachomoa kipanya! Mashine inabaki na nyaya mbili tu, wa umeme na wa mtandao, unaisukuma chini ya televisheni, na kuanzia hapo unaitawala kwa simu ukiwa umejilaza kwenye kochi. Unaandika namba ya anwani yake kwenye kivinjari na ukurasa unafunguka, safi, mwepesi, unakuonyesha joto la ndani, nafasi iliyobaki, kila kitu. Jina la kuingilia la mwanzo ni admin na nywila ni openmediavault, na dunia nzima inaijua hiyo nywila, kwa hiyo badilisha kabla hata hujasimama kunywa maji.

Mshangao uliofuata ulinifanya nipige kelele. Nikafungua laptopu ya Windows, nikaandika anwani, na folda zikajitokeza pale pale kana kwamba zimekuwamo humo siku zote! Kazi hiyo ya kuzifanya Windows, Mac na Linux zisalimiane bila ugomvi inafanywa na Samba, programu aliyoianzisha Andrew Tridgell huko Canberra, Australia, mwaka 1992, akiwa bado mwanafunzi. Miaka yote hiyo, na inakuja bure ndani ya mfuko uleule. Nikashika ile video ya harusi, gigabaiti karibu 8, nikaiburuta kwenye folda, nikajiandaa kwenda kuchemsha chai. Chai gani! Mstari wa kijani ulikimbia fyuu, megabaiti zaidi ya 100 kwa kila sekunde, dakika moja na ushee, imekwisha. Imekwisha! Nikaifungua nione kama ni nzima. Nzima, na vigelegele vyake vyote.

Ila hiyo ni kwa waya, na waya kweli kweli. Rauta nyingi tunazofungiwa majumbani zina matundu ya mwendo wa zamani, ya megabiti 100, na hapo utapata kama megabaiti 11 kwa sekunde na utailaumu seva isiyo na kosa. Tafuta swichi ndogo ya gigabiti, kile kisanduku cha matundu matano chenye vitaa vya kijani. Ni bei ndogo mno kwa furaha inayoileta. Kwa waifai filamu inacheza vizuri sana, ni kule kuhamisha mizigo mizito ndiko kunakohitaji waya.

Sasa, Immich. Ukisahau yote niliyoandika, usisahau hili. Immich ni programu huria ya picha, iliyoanzishwa na Alex Tran mwaka 2022, unaiweka kwenye seva kupitia kontena la Docker, yaani kifurushi kinachokuja na kila inachohitaji, na unaweka mwenzake kwenye simu. Tangu Google Photos ilipofunga mlango wa hifadhi ya bure isiyo na kikomo Juni 2021, sote tunajua ile karaha ya kuambiwa nafasi imejaa, futa au lipa, futa au lipa. Mimi sasa naingia nyumbani, simu inashika waifai, na picha zote za siku zinahama zenyewe kimyakimya kwenda kwenye mashine chini ya televisheni. Sijabonyeza kitu! Ninaosha miguu, zinahama. Ninakula, zinahama. Na ubora wake ni uleule, hazijaminywa, hazijafifishwa.

Kisha ikaanza kutambua sura. Yenyewe, humu humu ndani, bila kupeleka picha ya mtu yeyote kwenye kompyuta ya kampuni yoyote. Usiku ule iliachwa ikijichosha polepole, maana prosesa ya zamani haina haraka, na asubuhi nikakuta miduara midogo ya nyuso: huyu mjomba, huyu mdogo wangu, hawa watoto wa jirani walioingia kwenye kila picha ya sikukuu. Nikagusa uso wa bibi. Zikamwagika! Bibi shambani, bibi na mtoto mgongoni, bibi kanga mpya, bibi akicheka hadi macho yamefumba. Nikazirusha kwenye televisheni, nikamwita aje. Nikamwambia, "Bibi, shikamoo, kaa hapa uangalie." Akasogea karibu na televisheni, karibu kabisa, akamgusa kwenye kioo marehemu babu, akasema, "Kumbe hii picha ipo?" Ipo, bibi. Zote zipo. Nikampa simu aendelee mwenyewe, na hakuirudisha mpaka chaji ikamwisha. Na bado!

Jellyfin nitaipitia haraka, ingawa haistahili kupitiwa haraka. Ni programu ya filamu na muziki, huria, iliyozaliwa Desemba 2018 kwa kujitenga na programu nyingine, Emby. Unaijaza folda zako, nayo inazipanga zote kwenye televisheni kwa picha za majalada, maridadi, za kung'aa, utadhani umelipia huduma ya ng'ambo. Mama anabonyeza rimoti, taarabu yake inaanza pale alipoishia jana. Ameshaacha kuuliza inafanyaje kazi, anauliza tu kwa nini hatukuwa nayo zamani.

Halafu nikafanya jaribio lililonitia kichaa. Unakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikalegea Afrika Mashariki, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi? Ile siku mafaili yetu yaliyokuwa mawinguni yalikuwa mbali kweli kweli. Basi juzi nikachomoa kwa makusudi ule waya unaoleta intaneti kwenye rauta. Nikauacha unaning'inia. Filamu ikaendelea. Picha zikafunguka. Mtoto akabadilisha katuni. Hakuna aliyejua kuwa nyumba haina intaneti, hakuna! Waifai ya ndani ilikuwa hai, seva ilikuwa hai, na vitu vyetu vilikuwa hatua chache kutoka tulipokaa. Nilisimama pale na waya mkononi nikicheka peke yangu.

Na umeme? Nilijua utauliza, kila mtu anauliza. Kwa kipimo cha soketi, mashine yangu na diski zake mbili inacheza kwenye wati 40 ikiwa imetulia, ambayo ni kama uniti moja ya Luku kwa siku. Uniti moja kwa nyumba nzima! Lakini nunua UPS ndogo, ile betri ya akiba, nakuomba sana, maana diski hazipendi kukatiwa umeme katikati ya kuandika. Unaiunganisha na seva kwa waya wa USB, unaweka kiongezo cha NUT kilichomo humohumo kwenye OpenMediaVault, na hapo ndipo utaona maajabu: umeme ukatike, mtaa mzima giza totoro, na pale chini ya televisheni kitaa kimoja kinaendelea kuwaka, mngurumo uleule, mtulivu uleule, kisha betri ikikaribia kuisha seva inajifunga yenyewe kwa adabu, inafunga mafaili, inazima. Hukugusa kitu!

Sasa kuhusu diski mbili. Nimezifunga kwa mpango wa kioo, RAID 1, wazo lililoelezwa kwa upana na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwenye makala yao ya mwaka 1988. Kila kinachoandikwa kwenye diski moja kinaandikwa papo hapo kwenye ya pili. Kusoma jambo hilo ni kitu kimoja, kuliona ni kingine! Nilicheza filamu, nikavuta ubavu wa boksi, nikachomoa waya wa diski moja. Moyo dududu! Filamu haikukwama. Haikumeza mate. Barua pepe ikaingia kwenye simu kunijulisha kwamba diski moja imepotea, na filamu bado inakwenda! Nikazima, nikarudisha waya, nikawasha, nikaiamuru ijiunge tena, ikaanza kujinakili upya polepole kwa saa kadhaa huku sisi tukiendelea na mambo yetu.

Usije ukalewa na kioo hata hivyo. Ukifuta picha kwa bahati mbaya, kioo kinaifuta pande zote mbili kwa utiifu uleule. Mpiga picha Peter Krogh aliusambaza utaratibu ambao mimi naushika kwa mikono miwili: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya nyumba. Diski ya mfukoni, unaichomeka, unanakili, unaipeleka kwa dada ikalale kabatini kwake. Moto, wizi na mafuriko havitafika nyumba zote mbili siku moja.

Na bado! Nimefika kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, nangoja basi, nikawaza, hivi nikijaribu? Nilikuwa nimeweka Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard, ile njia iliyofungwa kwa siri ambayo tangu mwaka 2020 imo ndani ya Linux yenyewe. Kwa matumizi ya mtu binafsi hulipi. Nikagusa. Sekunde mbili tatu, na picha za nyumbani zikafunguka, pale pale kwenye benchi, katikati ya honi na wauza maji! Mdogo wangu aliyeko Mwanza naye nimempa ruhusa, na tangu hapo ananitumia ujumbe kila saa: umeiona hii? Na hii? Na hii ya baba na baiskeli? Hapa bando linatumika, ndiyo, kwa sababu uko nje, lakini linatumika kwa kile unachokifungua tu. Onyo langu ni moja: usiifungulie seva mlango wa wazi kwenye intaneti kwa sababu video fulani imekuonyesha ni rahisi. Pita kwenye njia hii ya siri, au baki ndani.

Je, inataka subira? Inataka, hasa jioni ile ya kwanza, kwenye kuweka Docker na kugawa ruhusa za folda, ambapo utasoma maelezo zaidi ya mara moja. Lakini kila kitu kina maelezo, watumiaji ni wengi, na kila hatua ikikubali unapata msisimko wake. Mimi nimewahi kununua simu mpya, nimewahi kununua televisheni mpya, na hakuna kilichonikosesha usingizi kwa furaha namna hii. Hakuna! Vile vilikuja tayari, vikazeeka tayari. Hiki kinakua. Wiki ijayo naongeza memori, halafu kamera ya getini irekodi humuhumu, halafu nimewaza kuhusu vitabu vya sauti vya bibi, halafu...

Nisikilize basi. Jumamosi nenda Kariakoo asubuhi, maduka yakiwa hayajajaa watu. Tafuta mnara mfupi wa ofisini wenye nafasi ya diski mbili kubwa, mwambie muuzaji auwashe mbele yako, usikilize feni, ufungue ubavu uangalie ndani. Diski nunua mpya na udai risiti. Fedha zikikubana anza na diski moja pamoja na ile ya nakala, kioo kitafuata mshahara ukitoka. Ukikwama popote nibipu, nitakuja na flashi yangu, na usianze kuwasha mpaka nifike, maana ile sauti ya diski ikiamka kwa mara ya kwanza nataka tuisikie wote!